Sadaka ya shule: mmoja au themanini na saba?



Ramadhani iliyopita jumuiya yetu hapa Gisenyi ilikusanya faranga 85,000 za elimu, na mabaki yasiyotosha hata kununua tende. Fedha hizo zilitugombanisha kuliko jambo lolote la mwaka ule, na mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Naandika kwa sababu moyo bado haujatulia.

Kulikuwa na kijana wa Majengo, yatima wa baba, aliyepangiwa shule ya bweni ya serikali. Tangu Septemba 2022 Wizara ya Elimu imeweka mchango wa mwanafunzi wa bweni katika shule hizo kuwa faranga 85,000 kwa muhula. Ilikuwa kama tumekusanya kwa jina lake. Ndipo mwekahazina wetu, dada wa mwaka wa tatu, akatoa simu akagawanya. Katika shule ya msingi ya umma mzazi hatozwi ada, ila huchangia chakula cha mchana faranga 975 kwa muhula, na serikali hubeba sehemu kubwa iliyobaki. Akasema, "Watoto themanini na saba."

Nikamjibu kwamba 975 si kitu. Hayo ni maneno ya mtu asiye na watoto. Jirani yangu huvusha nyanya kichwani kwenda Goma kupitia Petite Barrière. Ana wanne shuleni, na mpaka ukifungwa mapema siku mbili tatu, hizo 3,900 hazipatikani. Siku hizi haendi mikutano ya wazazi, anaogopa majina ya wanaodaiwa yasisomwe mbele za watu.

Hoja yangu nyingine ilikuwa na nguvu zaidi. Imbuto Foundation, ambayo jina lake ni mbegu kwa Kinyarwanda, imekuwa ikiwalipia wanafunzi wa sekondari wanaotoka familia maskini tangu 2002, na huwachagua mmoja mmoja. Maji yakiwa kidogo, nikasema, usiyanyunyizie shamba zima; mwagilia mche mmoja ukue. Wengi walikubaliana nami.

Dada akauliza swali moja tu: "Na muhula wa pili?"

Sikuwa na jibu. Shirika lenye mfuko huweza kumshika mtoto mkono mpaka amalize masomo. Sisi tulikuwa na muhula mmoja. Sote tunakijua kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na ardhi yake ya Khaybar: Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aizuie asili yake, isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yatolewe sadaka. Huo ndio wakfu. Leo neno hilo tunalitumia kwa kila mfuko wa misaada, hata usio na asili yoyote iliyozuiwa. Jumuiya ya wanafunzi, ambayo nusu ya wachangiaji wake watahitimu mwakani, haina Khaybar. Kumpeleka yule kijana bweni kungekuwa kumpa ahadi ya wakfu kwa fedha za mchango wa usiku mmoja, kisha tumwache mlangoni muhula ukianza tena.

Na niseme jambo lililonitia aibu. Nilikuwa nimeshaiona picha: yeye na begi jipya, amiri wetu na bahasha. Watoto 87 wanaokula maharage hawaenei kwenye picha moja, na hawatajua jina letu. Tumeonywa katika Qur'ani tusiziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi, nami siku zote nilidhani masimango ni ya mdomo tu.

Tulipoona tumemaliza, ndugu mmoja akasema basi wapewe Waislamu tu waliomo shuleni humo. Ingekuwa zaka, tungekuwa na mjadala mwingine, maana makundi yake manane yametajwa. Lakini hii ilikuwa sadaka, na mlango wa sadaka ni mpana. Mzee wa msikitini tuliyemwalika, ambaye alikuwa kimya tangu tarawehe, akatukumbusha zama za Wabelgiji: shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na Waislamu wengi waliwaweka watoto nyumbani kwa kuogopa wasije wakabatizwa. Aliyelipia dawati ndiye aliyeamua nani alikalie. "Nanyi mnataka kuwa hao?" akauliza, akaomba maji.

Fedha zikaenda kwenye chakula, bila orodha ya majina wala dini. Siku hizi ni rahisi, kwani kampeni ya Dusangire Lunch iliyozinduliwa 2024 inamruhusu yeyote kuchangia kwa simu. Jina lake maana yake ni tule pamoja, na nakiri ni jina zuri kuliko lolote ambalo kamati yetu ingebuni.

Kijana wa Majengo sasa anasoma shule ya kutwa, ambako mchango ni 19,500 kwa muhula. Tumejitolea watu wanne, nje ya jumuiya, kumlipia mpaka amalize. Shule aliyopangiwa ilikuwa na maabara, hii haina. Anataka kuwa daktari. Hukutana naye baada ya swala ya Ijumaa, huniamkia kwa adabu na kuniuliza habari za masomo. Mimi bado sijathubutu kumuuliza za kwake.