Jina la Kitu na Mwenendo Wake

Mwanafunzi mmoja alituuliza swali darasani miaka mingi iliyopita, nalo halijatutoka moyoni. Tulikuwa tukifundisha elimu ya kemia, tukafika penye vitu viitwavyo vya aromatiki, tukaeleza, kama ilivyo desturi ya waalimu, ya kuwa maana ya neno hilo ni vitu vinukiavyo. Kijana yule akasimama, akasema, "Mwalimu, basi ni vyema kuvinusa?" Wenziwe wakacheka, sisi nasi tukacheka, tukamwambia aketi, somo likaendelea. Twakiri ya kuwa siku ile tulikosa. Haya tuyaandikayo ni jawabu lake, ingawa limekawia.

Maana swali lake, ukilichungua, lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani mwenyewe. Alitaka kujua kama jina lina wajibu wa kusema kweli. Katika majina ya watu sote twajua ya kuwa halina. Mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa huitwa Shida au Tabu, na mara nyingi hukua akawa mtu wa furaha na mwenye mali. Wala hapana amwogopaye kwa ajili ya jina lake, kwa kuwa ni ukumbusho wa siku aliyozaliwa, si habari ya tabia yake. Lakini jina lililoandikwa juu ya chupa ni jambo jingine. Mtu hakai na chupa miaka ishirini kama akaavyo na jirani, hata aijue tabia yake. Hulisoma jina, akalitegemea, akaifungua.

Na tutwae kitu kimoja, benzeni, tuone jina lake lilikotoka. Mwaka 1825, mjini London, Michael Faraday aliipata katika mafuta yaliyosalia ndani ya vyombo vya gesi ya taa. Ilikuwa majimaji yasiyo na rangi, yenye harufu tamu kidogo. Faraday aliipa jina refu lililotaja kaboni na haidrojeni, nalo halikudumu. Mwaka 1833 Mjerumani Eilhard Mitscherlich akaipata kwa njia nyingine: alitwaa asidi itokayo katika utomvu wa miti fulani ya Sumatra, akaipasha moto pamoja na chokaa. Utomvu ule Waarabu waliuita luban jawi, yaani ubani wa Java, kwa kuwa hunukia ukifukizwa. Sisi tulipolipokea neno luban tuliacha herufi ya kwanza, tukasema ubani. Watu wa Ulaya walidondosha silabi nzima, hata likawa benzoini, na kutoka hapo Mitscherlich akapata jina la benzini. Kwa hiyo chupa ya kemia na chetezo cha ubani vina jina la asili moja. Lakini angalia: ubani wenyewe ni utomvu wa mti mwingine, uotao Arabuni na Usomali. Hata lile jina la kwanza lilikuwa la kuazima, nalo likaazimwa tena kwa kitu ambacho si utomvu kabisa.

Ukazuka ubishi. Justus Liebig hakulipenda jina hilo. Alisema mwisho wake wafanana na majina ya dawa kama kwinini, ambazo hazina udugu na kitu hiki. Akakiita benzoli, kwa neno la kale la mafuta. Baadaye mwisho huo wa -oli ukawa alama ya vitu vya jamaa ya kileo, nacho hakina udugu navyo vilevile! Mfaransa Auguste Laurent akaleta jina la Kiyunani lenye maana ya kung'aa, kwa ajili ya ile gesi ya taa, nalo limesalia katika neno fenoli. Kila aliyelisahihisha kosa la mwenziwe alileta lake.

Jamaa ya alkeni ilikuwa na bahati njema zaidi. Mdogo wao ni etheni, gesi yenye atomu mbili za kaboni na nne za haidrojeni. Watu wa Bukoba na Uganda wamefanya kazi nayo tangu kale, wafukiapo ndizi shimoni na kuzitia moshi ili ziive upesi. Maana gesi hiyo imo katika moshi, na matunda nayo huitoa yaivapo, kama alivyothibitisha Mwingereza Richard Gane mwaka 1934. Mwaka 1795 wataalamu wanne wa Uholanzi waliichanganya na klorini, wakaona yafanyika mafuta, ikaitwa gesi ifanyayo mafuta. Hilo lilikuwa jina la kweli, kwa kuwa lilitaja tendo lake, wala halikutaja lililompendeza mtu puani. Na sababu ya tendo ni hii: kaboni zake mbili zimeshikana kwa mikono miwili, ikija klorini au bromini, mkono mmoja huachia ili kumpokea mgeni. Ukiipitisha etheni katika maji ya bromini, ile rangi ya hudhurungi hutoweka mbele ya macho yako. Wataalamu walipokutana Geneva mwaka 1892 walikata shauri ya kuwa kifungo cha mikono miwili kionyeshwe kwa mwisho wa -eni, na tarakimu ionyeshe mahali kilipo. Ndiyo sababu buteni ya 1 na buteni ya 2 ni vitu viwili.

Basi benzeni nayo yaishia kwa -eni. Ina kaboni sita na haidrojeni sita, na mwaka 1865 August Kekulé alifundisha ya kuwa kaboni hizo zimeshikana kama pete; katika mchoro wake ujulikanao sana, vifungo vitatu vya mikono miwili hupokezana na vitatu vya mkono mmoja. Asomaye jina na kuutazama mchoro atangoja maji ya bromini yapoteze rangi. Atangoja bure. Benzeni haitwai bromini mpaka kitiwe kitu cha kuisukuma, kama unga wa chuma. Na hata hapo haimwongezi mgeni juu ya hesabu yake, bali humtoa haidrojeni mmoja, bromini ikaketi mahali pake, pete isivunjike. Maana nguvu za vifungo vile hazikukaa mahali patatu. Zimeenea pete nzima sawasawa. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale alipozipima kwa eksirei fuwele za kitu cha jamaa hiyo, aliona pete bapa ya pembe sita, pande zake sawa. Jina, basi, lataja mchoro, mwenendo halikuutaja.

Na ile harufu? Neno aromatiki lilitumiwa na August Wilhelm Hofmann mwaka 1855 kwa jamaa hii, na wengi katika jamaa hawanukii vizuri hata kidogo. Benzeni yanukia, na hapo ndipo penye msiba. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Roselius wa Bremen aliitumia kutoa kafeini katika kahawa, watu wakainywa. Mafundi waliyeyushia mpira na gundi. Mwaka 1974 daktari Muzaffer Aksoy na wenziwe waliandika habari za mafundi wa viatu wa Istanbul, watu 26, waliopatwa na saratani ya damu baada ya kufanya kazi na gundi yenye benzeni katika vyumba visivyopitisha hewa. Huingia kwa pumzi, ikauharibu uboho wa mifupa, ambamo damu hufanyika. Pua zao hazikuwaonya; ziliwaambia ni tamu.

Wako wasemao majina ya namna hii yafutwe. Sisi hatuoni hivyo, na ubishi wa Liebig ndio ushahidi wetu: jina ni chombo kidogo, halichukui asili, umbo, tendo na hatari vyote pamoja. Deni liko kwa mtu alitamkaye mbele ya asiyejua, awe muuza duka, au mwandika kibandiko, au mwalimu. Labda msomaji atasema ya kuwa asiyejua na aulize. Kijana wetu aliuliza, akachekwa.

Mwaka uliopita tulimkuta. Ni fundi wa viatu sasa, na siku ile alikuwa amefunga mlango kwa sababu ya vumbi la njiani, kopo la gundi li wazi magotini pake. Juu ya kopo palikuwa na picha ya kiatu na jina la kupendeza, lakini habari ya kilichomo haikuandikwa hata neno moja. Tulimsimulia mambo ya Istanbul. Alisikiliza mpaka mwisho, akaondoka akaufungua mlango, akauegemeza jiwe. Kisha akatuuliza kama tungali twafundisha darasa lile.