Kengele Haipo, Hekalu Lipo

Ukielekezwa Naksansa utaambiwa mambo mawili: kuna bahari, na hekalu ni la kale, lilianzishwa mwaka 671 na mtawa aliyeitwa Uisang. La bahari ni kweli tupu. Panda mpaka kileleni, iliposimama sanamu ya Gwaneum, bodhisatva wa huruma, yenye urefu wa mita 16, na pwani ya Yangyang, mashariki mwa Korea Kusini, yote iko chini yako: misonobari, miamba, halafu maji mpaka macho yachoke. La ukale ndilo lililonisumbua.

Sanamu hiyo ilikamilika 1977. Na majengo mengi niliyokuwa nayapiga picha kwa heshima zote ni ya baada ya 2005. Tarehe 5 Aprili mwaka huo, siku ya kupanda miti nchini humo (kuna siku zina kejeli jamani), moto wa msituni uliosukumwa na upepo mkali ulilifikia hekalu ukateketeza ukumbi mkuu. Sasa, ukimwambia mgeni hili ni hekalu la kale, nawe unajua mbao zake ni za juzi, si unamdanganya?

Jibu jepesi, ambalo wapenzi wa Ubudha wa vitabuni hulitoa haraka, ni kwamba hakuna kinachodumu, kwa hiyo usihangaike. Silikubali. Watawa wenyewe walihangaika. Moto ulipokaribia waliitoa sanamu ya kale ya Gwaneum iliyokuwa ndani ya ukumbi. Baadaye wakajenga upya, tena kwa kuutazama mchoro wa Kim Hong-do, msanii wa karne ya 18, ili wajue majengo yalikaaje. Mtu anayefundisha kwamba vyote vinapita, halafu anakimbia na sanamu, anajua jambo ambalo fundisho hilo peke yake halilisemi.

Kengele haikuokolewa. Ilikuwa ya shaba nyeusi, imesubiwa 1469 wakati wa mfalme Yejong, kwa ajili ya baba yake Sejo. Iliyeyuka. Serikali ikaifuta kwenye orodha ya hazina zinazolindwa, yaani ikatamka kiofisi kwamba kitu kile hakipo tena. Ikasubiwa nyingine kwa umbo lilelile, lakini hakuna aliyeipa mpya ile nafasi ya marehemu. Mabaki ya ile ya zamani yamewekwa palepale hekaluni, watu wayaone. Naupenda sana ukweli huo mkavu.

Mbona basi ukumbi hatuufuti? Ule ulioungua 2005 nao ulikuwa umejengwa 1953, kwa sababu uliotangulia uliteketea katika Vita vya Korea. Waliolia wakisema hekalu la miaka 1,300 limekwisha walikuwa wanalilia jengo la miaka 52. Walikuwa wajinga? Sidhani. Kengele ni kazi ya mikono fulani ya siku fulani, ikienda, imekwenda. Hekalu ni jambo ambalo kila kizazi kinakubali kulifanya tena, mahali palepale, kwa sababu zilezile, na ukale wake uko katika kule kurudia. Uongo unaanza pale cha pili kinapouzwa kana kwamba ni cha kwanza: mbao mpya zinapakwa moshi zionekane chakavu, tarehe inafichwa, mgeni anaachwa aguse nguzo ya juzi akidhani wahenga waliiegemea.

Na kwetu swali hili haliko mbali. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, Unguja, iliporomoka na watu wawili wakafa. Tangu hapo nasikia tu: lirudishwe kama lilivyokuwa. Lilivyokuwa lini? Lilijengwa 1883, na ule mnara wa saa wa mbele, tunaoujua wote kwenye picha, ulikuja baada ya mizinga ya Waingereza ya 1896. Jumba tunalolililia lilishabadilika zamani, kabla babu zetu hawajazaliwa.

Mimi nataka lijengwe. Nataka pia kipande cha kifusi, na chuma kilichopinda, viwekwe sebuleni chini kabisa, pembeni pawe na tarehe na majina ya wale wawili, mtoto wa shule akiingia avione kabla hajapanda ngazi kwenda kutazama bahari.