Mtazame Anayebaki Kupanga Viti

Msafara ukifika kanisani kwetu, ibada hukatika. Umeshayaona haya: magari makubwa yanapanda kilima na matope yake, walinzi wanatangulia, mchungaji anashuka mimbarini kumpokea mheshimiwa, na vijana wa kwaya wanaacha ubeti wa tatu ili watoe simu. Mzee wa kanisa aliyekalia kiti cha mbele tangu saa tatu anainuliwa, kiti kinapanguswa. Bahasha inatoka, vigelegele vinapaa. Jioni ile muulize mtoto wa darasa la sita akikua angependa kuwa nani.

Mtoto simlaumu. Huiga aliyesimamishwa mbele yake. Lakini wewe kijana wa Gusii, unayejiita Mkristo, uwe Msabato wa Nyanchwa au Mkatoliki wa Nyabururu, wewe una macho ya kuchagua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi acha kuchagua miongoni mwa vinavyojitembeza.

Machi 2019, kule Dubai, mwanamume aliyevaa kanzu ya kahawia na kamba kiunoni alipanda jukwaani kati ya watu waliovalia suti. Aliitwa Peter Mokaya Tabichi, bradha wa shirika la Wafransisko, na ukishasikia Mokaya huna haja ya kuuliza kwao ni wapi. Alikuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, upande wa Njoro, Nakuru. (Pwani hiyo haina bahari. Ina vumbi na ukame.) Usiku ule alitangazwa kuwa mwalimu bora duniani, akiwa amechaguliwa kati ya watu wapatao 10,000 kutoka nchi 179, akakabidhiwa tuzo ya dola milioni 1. Huku kwetu simu zililia mpaka asubuhi. Kila mtu alikuwa binamu yake.

Hapo ndipo tulipojikwaa. Tulimpenda Tabichi wa Dubai.

Mimi nataka umfuate Tabichi wa kabla ya Dubai. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja, na mtandao uliokuja na kupotea. Mwalimu mmoja alibeba wanafunzi 58. Wengi walitoka nyumba maskini, na karibu theluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja tu. Basi mwalimu huyu alikuwa akienda saiba, anapakua masomo, kisha anarudi nayo darasani ili wanafunzi wayaone bila mtandao. Mfikirie kwenye kile kiti cha saiba, dakika zinahesabiwa, naye anangoja faili lishuke. Hakuna aliyempiga picha. Asilimia 80 ya mshahara wake aliwapa wahitaji. Yaani katika kila shilingi 10, shilingi 8 zinakwenda kwa mtoto asiye na sare au karo. Sisi wengine, fungu la kumi tu hutuponyoka kwa shida, tena tukimwangalia mhazini kama ameandika.

Matunda yalionekana. Mwaka 2018 wanafunzi wake walipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya kitaifa kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Watoto wa shule yenye kompyuta moja! Kwa hiyo usiniambie huna mtaji. Uliza kwanza ulichonacho unakifanyia nini.

Nakuhimiza hivi: mtu wa kuigwa usimpime kwa alichorundika. Mpime kwa kinachotoka mkononi mwake, na umpime ukiwa karibu, mahali unapoweza kuona akikosea, akikasirika, akiomba msamaha.

Karibu, nasema, kwa sababu mbali kunadanganya. Kuanzia Aprili 2023 nchi hii ilifukua miili ya watu zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Walikuwa watu waliomtafuta Mungu kwa bidii, wakamkabidhi mhubiri funguo za akili zao. Usiseme hayo ni ya Kilifi. Kila mara unaposema "mtumishi amesema" na mjadala ukaishia hapo, umeanza safari ileile. Hata Paulo, alipowaambia Wakorintho wamwige, aliweka mpaka: ni kwa vile yeye mwenyewe anamfuata Kristo. Kiongozi akiiacha barabara, wewe baki barabarani.

Sasa nikupeleke Nyamira, kwenye kituo cha kununulia majani chai. Ilikuwa jioni, mvua inapiga mabati, nami nimejibanza pale nikingoja bodaboda. Akatokea mama mmoja mzee ambaye sisi humwita Baba. Mgeni asishtuke, kwa Ekegusii baba ndiye mama. Alikuwa ameshapima chai yake na kwenda nyumbani, sasa amerudi na tochi, risiti ameikunja ndani ya mfuko wa sukari isilowe. Mjukuu alikuwa amemsomea: kilo 34. Naye alijua kikapu chake. "Hizi si zangu," alimwambia karani. "Angalia namba uliyoandika." Karani, aliyekuwa anafunga, akamwambia angoje tu hadi asubuhi. Yule mama hakusogea. Alisema mwenye kilo hizo akisoma risiti yake usiku, hatalala.

Kilo zikarudi kwa mwenyewe. Mama akawasha tochi akashuka kilima.

Siku za bonasi, Oktoba, kijiji hicho humjua sana anayenunulia meza nzima vinywaji. Jina lake hutajwa hadi Krismasi. Huyu wa tochi hatajwi popote, na nina hakika angenifukuza nikimwambia ni shujaa. Lakini mimi tangu jioni ile, nikipewa chenji iliyozidi, miguu hurudi dukani yenyewe. Hakuna semina iliyowahi kunifanyia hivyo.

Unaye mtu kama huyo. Amka umtafute! Ukitaka kumhakikisha, usimuulize mwenyewe. Waulize wanaokula mezani kwake. Mwulize anayemlimia shamba kama hulipwa kwa wakati. Mwulize mke wake, ukithubutu. Ukimpata, usimgeuze sanamu, kwa sababu siku moja atakosea, kama Petro alivyokosea kando ya moto. Mtazame pia anavyoinuka.

Na huna haja ya kungoja mwaka mpya. Ibada ijayo ikiisha, wenzako watakimbilia magari na chakula. Wewe baki mlangoni dakika mbili. Utamwona mtu, mara nyingi ni yuleyule aliyeinuliwa kiti cha mbele, anakusanya viti vya plastiki na kuvipanga ukutani, vinne vinne, bila kuombwa. Usimhutubie. Vua koti, shika upande wa pili. Muulize alianza lini kuvipanga, na siku gani alitaka kuacha. Viti ni vingi, mtaongea mpaka mmalize.