Waswasi wa Maradhi na Haki za Watu

Katika darasa letu la baada ya Magharibi hutujia masuala ya kila namna, na mengi katika hayo ni ya tohara, sala na mirathi. Suala tulilolipata safari hii kutoka Garsen halikuingia katika milango hiyo, na tulipoliangalia tuliona kuwa nyuma yake wako watu wengi wanaoona haya kuuliza. Kwa hivyo tumeonelea tulijibu hapa, bila ya kumtaja mwenyewe wala kueleza duka lake liko upande gani wa njia, kwani Garsen ni mji mdogo, na mtu akiingia zahanati asubuhi khabari zake huwa zimekwisha kuulizwa kabla ya Adhuhuri.

Mwenyewe ni kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Siku moja, alipokuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo, aliona vipele vidogo vidogo vya rangi ya manjano vimejipanga katika ukingo wa mdomo wake wa juu. Havikumuuma wala havikumwasha. Lakini alikuwa amesikia watu wakizungumza khabari za malengelenge ya mdomo, ule ugonjwa ambao madaktari huuita herpesi, na tangu saa ile hakuona raha. Akaacha kumbusu mtoto wake. Akaacha kunywa maji kwa kikombe cha nyumbani. Alikwenda kwa tabibu wa karibu, naye akamtazama kwa kurunzi, akamwambia kuwa huo si ugonjwa, bali ni vitezi vya mafuta ambavyo watu wengi mno huwa navyo midomoni. Akarudi amefurahi, na furaha ile ikakaa siku nne. Siku ya tano akajiuliza: kama tabibu hakutazama vyema, je? Akapanda basi kwenda Malindi, na huko akaambiwa yale yale. Akatulia kiasi cha juma moja, kisha akasafiri mpaka Mombasa, na daktari mmoja, ama kwa kumhurumia ama kwa kutaka aondoke upesi, akamwambia: "Nakuhakikishia kuwa ugonjwa huo huna kabisa mwilini mwako."

Maneno hayo aliyarudia moyoni kila usiku mpaka yakamalizika nguvu zake. Mwisho akaanza kumtazama mkewe kwa jicho jengine, akajiuliza kama si yeye aliyeuleta ugonjwa nyumbani, na usiku mmoja akamwambia neno ambalo mume hamwambii mkewe. Mke akamchukua mtoto akaenda kwao Kipini.

Suala alilotuandikia kijana huyu ni fupi: vipi atapata yakini?

Twaanza na vile vipele, tuvimalize. Daktari wa Marekani aitwaye Fordyce alivieleza mwaka 1896, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Havitoki kwa mtu kwenda kwa mwengine, haviumi, wala havihitaji dawa. Matabibu wawili waliomwambia hivyo walisema kweli, na hapo jambo lake la mdomo lilikwisha.

Ama yule daktari wa tatu, tunayo maneno naye, ijapokuwa twajua alikusudia kheri. Kitu alichokiapia hakuwa na njia ya kukijua. Virusi vya herpesi ya aina ya kwanza, ndivyo viletavyo malengelenge ya mdomo, ni katika vitu vilivyoenea mno kwa wanaadamu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika mwaka 2020 watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 walikuwa navyo, yaani watu 64 katika kila 100. Katika makadirio yake ya mwaka 2012 Afrika ndiyo iliyokuwa mbele ya dunia yote, watu 87 katika kila 100. Wengi huvipata utotoni, kwa busu la nyanya au la shangazi au kwa mate ya ndugu aliyelala naye kitanda kimoja, na walio wengi hawaoni dalili yoyote maisha yao yote. Virusi vikishaingia hujificha katika mshipa wa fahamu wa uso na havitoki tena. Baadhi ya watu huamshiwa navyo na homa, jua kali, uchovu au huzuni, na hapo malengelenge hutoka ukingoni mwa mdomo, yakapasuka, yakafanya gamba, yakapona. Wazee wetu wakiyaona baada ya mgonjwa kupoa homa husema kuwa homa imetokea mdomoni, na hawakumtuhumu mtu kwa hilo hata siku moja.

Basi lau daktari yule angalisema, "Vipele hivi si ugonjwa huo; ama virusi vyenyewe, huenda unavyo kama huenda mimi ninavyo," angalimwambia kweli, na kweli hiyo ingalimtuliza zaidi. Kwani kijana huyu alikuwa akikiogopa kitu kama jinai ya siri ambayo yeye peke yake ameangukiwa nayo. Kuambiwa kuwa huna kunakiacha kitisho na ukubwa wake ule ule, kinangoja mlangoni. Kuambiwa kuwa kitu chenyewe kimo katika nyumba nyingi za mji, na kwamba kwa mtu mzima mwenye afya si msiba, ndiko kunakokipunguza. Wako wanaosema kuwa mgonjwa mwenye hofu apewe neno tamu hata kama si la hakika. Sisi hatuikubali rai hiyo. Mwenye waswasi ana akili ya kuchimbua maneno kupita watu wote, na siku akigundua kuwa aliapiwa jambo lisilojulikana hatamwamini tena hata tabibu msema kweli.

Sasa tuje kwenye yakini yenyewe. Kila aliyesoma fiqhi japo kidogo anaijua ile kanuni ya wanavyuoni kuwa yakini haiondolewi na shaka: aliyetawadha kisha akashuku kama udhu wake umetanguka, yumo katika udhu wake. Kijana wetu anaijua pia, na alitaka kuitumia hivi: asili yangu ni mzima, kwa hivyo mimi ni mzima mpaka lithibiti jengine. Lakini kama tulivyoona, katika jambo la virusi hivi asili hiyo haijulikani, na huenda alikuwa navyo kabla ya kuota meno. Kanuni hii haikuwekwa ili imjulishe mtu yaliyofichikana ndani ya damu yake. Tazama mwenye kushuku idadi ya rakaa: Sheria haimwambii amesali ngapi; yamwambia ajenge juu ya idadi ndogo, amalize, asujudu, aende kazini kwake. Imemwacha katika kutojua kwake na imempa la kufanya. Hilo ndilo tunaloweza kumpa kijana huyu, na tunakiri kuwa si alilolitaka.

Pahali ambapo kanuni ile inamhusu barabara ni kwa mkewe. Asili ya mtu ni kutokuwa na hatia, na hiyo ndiyo yakini aliyokuwa nayo tangu siku ya ndoa. Aliivunja kwa shaka iliyotokana na vitezi vya mafuta! Na hata vingalikuwa malengelenge ya kweli, hayangalimpa hoja. Kipimo cha damu chaonyesha kuwa mwili umekwisha kukutana na virusi. Hakionyeshi ni mwaka gani, wala ni kwa nani, wala ni kwa njia gani. Mtu aweza kuwa navyo tangu ana miaka miwili na kidonda cha kwanza kikamtokea ana miaka thelathini. Kwa hivyo anayekwenda kupima damu ili apate ushahidi juu ya mkewe au mumewe anakwenda kutafuta katika chupa ya maabara kitu ambacho hakimo. Suratul Hujurat imetukataza dhana na upelelezi pamoja, na sisi twaona kuwa kupeleleza kwa sindano hakutoki katika katazo hilo.

Tena iko haki nyengine ambayo wachache huifikiri. Katika nchi ya Mto Tana matabibu si wengi, na safari ni ndefu. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipoikata barabara ya Lamu upande wa Gamba, watu walivushwa kwa mashua. Mtu anayerudi mara ya tatu na ya nne kuuliza lililokwisha kujibiwa hukalia benchi ambayo mama mwenye mtoto wa homa anaingojea. Hatusemi haya kwa kumsuta. Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, na waswasi akauweka pamoja na hofu, hasira na huzuni katika maradhi ya nafsi yanayotibika. Na katika aliyoyanasihi ni mtu asikae peke yake na fikira zake. Basi kijana huyu akiona kuwa kila jawabu lamtuliza siku nne tu, na ajue kuwa linalotaka tabibu ni lile linalomrudisha njiani. Amweleze daktari hilo kwa uwazi, badala ya kumfunulia tena mdomo.

Yako yapasayo kuogopwa, nayo ni machache. Kidonda cha mdomo kisichopona baada ya majuma mawili au matatu chahitaji kuonwa. Malengelenge yakitoka karibu na jicho, au jicho likauma na kuwa jekundu, mtu asingoje, maana virusi hivi vyaweza kuharibu uoni. Vivyo hivyo mtoto mchanga, na mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika. Dawa ya asaiklovia ipo, nayo husaidia zaidi ikianzwa mapema. Haiviondoi virusi, lakini huvipunguza nguvu.

Na liko jambo moja ambalo twapenda watu wa pwani walizingatie khasa. Mtoto akizaliwa kwetu huchukuliwa kwa mzee mwema amtafunie tende na kumpaka kinywani. Ni suna, na hatuna neno juu yake. Lakini mtoto wa siku chache akipata virusi hivi aweza kuugua ugonjwa mzito, hata kufa. Basi mwenye malengelenge mdomoni, awe sheikh au babu, na ajiuzulu siku hiyo, ampishe mwengine, wala jamaa wasimwone amewakataa. Amwache kumbusu mtoto mpaka gamba liondoke na ngozi ipone. Na huko barazani, ambako vikombe vya kahawa husuuzwa katika ndoo moja, mwenye kidonda kibichi aombe kikombe chake mwenyewe, na wenzake wasimuulize kwa nini. Haya hayataki kipimo wala safari ya Mombasa, kwani kidonda kikiwapo chaonekana.

Tumemwandikia kijana wetu haya yote kwa urefu zaidi, na tukamwambia pia kuwa neno alilomwambia mkewe ni deni ambalo sisi hatuwezi kumsamehe, kwani halikuwa letu. Alikwenda Kipini pamoja na ami yake, akakiri mbele ya wazee kuwa alimdhulumu. Mke amerudi. Kijana atuambia kuwa nyumba ina amani, illa mkewe sasa ana kikombe chake peke yake, hukiweka juu ya kabati, na akiulizwa hujibu kuwa amezoea.