Ni Gari Lile Lile?

Mwaka 1990 Jaji Otton wa Mahakama Kuu jijini London aliletewa kesi ya gari. Mwenye gari alikuwa amekubaliana na kampuni moja aiuzie kwa pauni milioni 10, kisha kampuni ikarudi nyuma. Hoja yake ilikuwa fupi: hili silo. Gari lililotajwa katika mapatano ni Old Number One, ile Bentley Speed Six iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Hili linalouzwa, kampuni ilidai, ni jingine lililopewa jina lake.

Jaji akajikuta na swali ambalo wanafalsafa wamelibishania tangu enzi za Wagiriki. Kitu kikibadilishwa kipande kimoja kimoja, kinaendelea kuwa kile kile mpaka lini?

Historia ya gari lenyewe inaonyesha kwa nini kampuni ilisita. Baada ya Le Mans halikupumzishwa. Mwaka 1931 lilishinda mbio za maili 500 za Brooklands, uwanja wa Uingereza ambao kona zake zilijengwa kwa kuinuliwa sana upande wa nje. Mwaka uliofuata lilirudi pale likiwa na chesisi mpya na injini ya lita 8 badala ya ile ya lita sita na nusu. Usukani alikuwa nao Clive Dunfee. Akijaribu kulipita gari jingine alipanda juu mno kwenye kona, magurudumu yakavuka ukingo, gari likaruka nje ya uwanja, naye akafa. Woolf Barnato, ambaye alikuwa mmoja wa madereva walioshinda nalo Le Mans miaka yote miwili, akaagiza liundwe upya, safari hii liwe gari la barabarani, la watu wawili, lenye bodi iliyofunikwa. Miaka mingi baadaye mmiliki mwingine aliivua bodi hiyo na kulirudishia sura ya mbio.

Wakati wa kesi gari lilichunguzwa kipuri kwa kipuri. Vilivyoweza kuhusishwa na siku za Le Mans vilikuwa vitatu tu, navyo havikuweza kuthibitishwa kuwa vya kabla ya 1930: shafti ya pedali, ganda la giaboksi na mhimili wa usukani.

Hata hivyo kampuni ilishindwa. Jaji alikiri kwamba vyuma vya mwanzo vimekwisha karibu vyote, lakini hakuona siku hata moja ambayo Old Number One ilitoweka na gari jingine likashika nafasi yake. Lilibadilika hatua kwa hatua, mikononi mwa watu wanaojulikana, kwa sababu zinazojulikana. Kwa hiyo lilikuwa na haki ya jina lake.

Mwandishi wa Kigiriki Plutarch aliandika kuhusu meli ya shujaa Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hadi wenye hekima wakagawanyika kama bado ni meli ile. Katika karne ya 17 mwanafalsafa Thomas Hobbes akaongeza ugumu: je, mtu akiziokota mbao zilizotupwa na kuunda meli ya pili, ipi ni ya Theseus? Kwa kuifuata hukumu ya London, aliyeokota mbao amepata mbao. Meli imebaki kwa wale walioendelea kuitunza.

Wabuda walilizungumza jambo hili kwa kutumia chombo cha magurudumu kabisa. Katika kitabu cha Milindapanha, mtawa Nagasena anamhoji mfalme Milinda, ndiye Menander, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Mfalme amekuja kwa gari la kukokotwa na farasi. Je, ekseli ndiyo gari? Hapana. Magurudumu? Hapana. Mtaimbo wa kufungia farasi? Hapana. Mfalme anakubali kwamba “gari” ni jina la mkusanyiko wa vitu hivyo, na Nagasena anamwambia kwamba mtu naye ni hivyo hivyo, hana kiini kisichobadilika. Wengi huishia hapo wakidhani wamekielewa kitabu. Lakini mbele kidogo Nagasena anatoa mfano wa mwizi wa maembe anayejitetea kwamba maembe aliyochuma si yale yaliyopandwa na mwenye shamba. Utetezi huo haukubaliki, kwa kuwa maembe haya yametoka katika yale. Kitu chaweza kubadilika chote, na bado kikawa na wa kukijibia.

Hapo swali linatoka mahakamani na vitabuni, linaingia gereji. Duniani kuna maelfu ya watu wenye Mazda MX-5, Porsche 911 au Nissan Skyline, ambao wiki nzima wanakwenda nalo kazini na mwisho wa wiki wanalipeleka uwanjani. Wanataka gari moja litumikie mabwana wawili, na mabwana hao hawapatani hata kwenye breki. Pedi za mbio zimetengenezwa zishike vizuri zikiwa zimepata moto mkali. Asubuhi ya baridi, kwenye kivuko cha kwanza cha waenda kwa miguu, bado hazijaamka. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155. Mafuta yaliyokaa miaka kwenye gari la kwenda sokoni hayamsumbui mtu, ila mizunguko michache ya uwanjani yaweza kuyachemsha, na pedali ikazama hadi chini.

Tairi nazo ni hivyo hivyo. Zile zenye mifereji michache hunata kwenye lami kavu, lakini mvua ikinyesha maji hayana pa kukimbilia. Fundi wa alaimenti huzilaza kwa ndani upande wa juu ili zikanyage vyema kwenye kona, halafu mwenye gari anashangaa kuona zimelika upande wa ndani tu. Kizimba cha vyuma humwokoa dereva aliyevaa helmeti gari linapobingirika. Dereva huyo huyo akienda dukani bila helmeti, bomba lile liko sentimita chache tu kutoka kichwani mwake.

Si kwamba kubadilisha gari ni kosa. Breki kubwa zaidi zilizofungwa na fundi anayejua kazi yake huokoa maisha, na aliyejifunza uwanjani jinsi gari linavyoteleza huenda akatulia zaidi siku litakapoteleza njiani. Ufundi huu unastahili heshima. Kinachouma ni ridhaa. Uwanjani kila mtu amekuja kwa hiari, akijua hatari na mara nyingi akiwa ameitilia sahihi. Barabarani kuna mtoto anayevuka kwenda shule. Yeye hajaulizwa lolote.

Sheria ya Ujerumani imeliona jambo hili. Kibali cha gari hukoma kikibadilishwa kitu kinacholifanya kuwa gari la aina nyingine na ile iliyoidhinishwa, kinachotarajiwa kuhatarisha watumiaji wa barabara, au kinachozidisha moshi na kelele. Sheria haihesabu ni vyuma vingapi vya kiwandani vimebaki. Inauliza kama gari lililodhaminiwa mbele ya umma bado ndilo hili. Wajerumani hao hao wana Nordschleife, mzunguko wa Nürburgring wa karibu kilomita 20.8 uliofunguliwa mwaka 1927, ambako mtu yeyote mwenye leseni na gari lililosajiliwa hulipa na kuingia siku zilizotengwa. Wengi huenda pale wakidhani wamefika uwanjani. Siku hizo sheria za barabarani zinatumika: kupita gari jingine kwa upande wa kulia hairuhusiwi, na anayesababisha ajali anawajibika kama angeisababisha mjini.

Torati, katika Kutoka 21, inazungumzia ng'ombe aliyemuua mtu kwa pembe zake. Kama hakujulikana kuwa na tabia hiyo, mwenye ng'ombe hana hatia. Kama mwenyewe alikwisha kuonywa na hakumfunga, damu ile iko juu yake. Mwenye gari lililobadilishwa hawezi kamwe kusimama mahali pa yule wa kwanza. Hahitaji kuonywa na jirani, maana pembe amezinoa mwenyewe, kwa fedha zake, na risiti anazo.

Magari mengi yanayobadilishwa kwa ajili ya mbio Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam yalishatumika Japani kabla ya kupakiwa melini, na mengine yalishaguswa na mafundi wa huko. Mnunuzi hupewa namba ya chesisi na namba ya injini, lakini hapewi habari ya pedi, ya shokapu, wala ya boliti iliyokazwa na nani. Old Number One ilishinda kesi yake kwa sababu historia yake ilijulikana hatua kwa hatua, pamoja na siku iliyomuua Dunfee. Basi fundi aandike alichobadilisha, tarehe na sababu, na mwenye gari aitunze karatasi hiyo pamoja na kadi ya gari. Siku akiliuza, amkabidhi mnunuzi vyote viwili kabla ya kumpa ufunguo.