Mbwa Aliyepewa Hifadhi: Ni Amana Mpaka Lini?

Katika darsa yetu limeulizwa swali hili. Kijana mmoja alimwokota mbwa aliyegongwa na gari, akamweka uani kwake ili amtunze mpaka apone. Miezi mitatu imepita, na mbwa amekwisha pona. Watu wa nyumbani wasema: "Mtie garini ukamwache mbali, huko ng'ambo ya Likoni." Je, yafaa?

Wengi wetu wakisikia neno mbwa hukumbuka najisi, wakadhani kwamba maneno yamekwisha. Ni kweli kuwa katika madhehebu ya Imam Shafii mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini hiyo ni hukumu ya nguo na vyombo vyetu. Haikumpa mtu ruhusa ya kumdhulumu kiumbe. Kinyesi cha mtoto nacho ni najisi, wala hapana mama amtupaye mwanawe kwa sababu hiyo.

Tena tutazame waliyoyasema wanazuoni wa madhehebu hayo hayo. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mtu mwenye maji machache, na hapo pana mnyama mwenye kiu ambaye sheria imeuheshimu uhai wake, humwachia mnyama maji, na yeye akatayamamu. Na mbwa mwenye manufaa ni katika wanyama hao. Basi ikiwa udhu wa sala huachwa kwa ajili ya kiu ya mbwa, itakuwaje raha ya watu wa nyumba moja isiweze kungoja siku chache?

Sote twaijua habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji kwa kiatu chake, na ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Katika habari hii ya pili mna jambo la kuzingatia sana. Mwanamke yule alimfungia paka, kisha hakumlisha wala hakumwachilia ajitafutie. Alaa kulli hali, amshikaye mnyama amejitwika haja zake. Pengine mtu atasema: "Nasi twataka kumwachilia." La! Mbwa aliyezoea kuletewa chakula uani, akitupwa mahali asipopajua, hakulishwa wala hakuachiliwa, ametupwa tu.

Lakini upande wa pili nao una haki yake. Imepokewa hadithi kwamba afugaye mbwa pasipo haja ya kuwinda, mifugo au shamba, thawabu zake hupungua kila siku. Na wanazuoni wamekisia hapo ulinzi wa nyumba. Basi kijana asiye na haja hizo haamrishwi kukaa na mbwa milele. Akiyaunganisha maagizo haya mawili ataiona njia: asimtupe, wala asimfuge bila haja, bali amtafutie mwenye haja naye. Mwenye shamba huko Kwale au Kilifi, mfugaji wa mbuzi, au mwenye ghala linalohitaji mlinzi, hao ndio wa kuulizwa kwanza.

Na katika kumkabidhi pana adabu zake. Asimuuze, kwani bei ya mbwa haisihi kwa Shafii. Ampe bure, na badala ya fedha atake ahadi. Aende mwenyewe akapatazame mahali: pana kivuli na maji? Atafungwa mnyororo mchana kutwa? Aseme kweli juu ya tabia ya mbwa, kama auma au huogopa watoto, wala asifiche kilema. Amchanje kabla hajamtoa, kwani kichaa cha mbwa huua. Serikali ya Kenya mwaka 2014 iliweka mpango wa kukikomesha kinachoenezwa na mbwa kufikia 2030, na wataalamu wasema yapasa mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Kisha arudi kuuliza hali baada ya majuma machache, na mambo yakiharibika awe tayari kumpokea. Akikosa mtu kabisa, kiko Kenya chama cha kuwalinda wanyama, KSPCA, ambacho hupokea mbwa na kuwatafutia wenyewe.

Mpaka siku hiyo, chakula na maji ya mbwa huyo ni juu ya kijana, na juu ya watu wa nyumbani ni kumsaidia kwa subira. Aliyeanza wema kwa hiari yake asiugeuze dhuluma mwishoni.

Wallahu aalam.