Hatua Zisizosikika

Msikilizaji wa Kiomboi, kabla hujawasha jiko, tega sikio. Kuna hatua njiani. Huyu anawahi shamba la alizeti. Yule anawahi sokoni. Jirani unamjua kwa hatua zake, hata kabla hujaiona sura yake.

Jana usiku nilitazama filamu ya zamani ya Marekani, Double Indemnity, ya Billy Wilder, ya mwaka 1944. Haina rangi. Ni giza na mwanga tu. Walter Neff, wakala wa bima, anamuua mteja wake. Anataka fedha, anamtaka na mke wa marehemu. Kila kitu kimepangwa. Kila kitu kimekwenda sawa. Anatembea barabarani usiku, na ghafla hasikii hatua zake mwenyewe.

Hasikii! Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyemshtaki. Miguu yake ndiyo iliyomkana. Nilimhurumia, kwa kweli, ingawa damu ya mtu i mikononi mwake. Mwishowe, akiwa na jeraha la risasi, anakaa peke yake ofisini na kuiambia yote mashine ya kurekodi sauti.

Sasa kumekucha. Unafunga mlango, unashika njia ya kazini. Kokoto zinalia chini ya viatu vyako. Zisikilize.